Saini ya Mama na Uhai wa Mji: Niliyoyaona Lubumbashi

Mji wa Lubumbashi, kusini-mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa muda mrefu shaba ilihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake na watoto, ikiwapa nyumba, zahanati, shule na posho iliyopimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Wake walipelekwa kwenye nyumba za mafunzo, ambazo bibi zetu waliziita fuaye, wakafundishwa kushona, kupika na kutunza watoto wachanga. Wazee wa kambi wangali wanasema, "Kazi njo baba, njo mama," yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama, na mimi niliyezaliwa katika nyumba ya mfanyakazi wa mgodi naelewa kwa nini walisema hivyo, kwa sababu kila kilichoingia nyumbani kwetu kiliingia kwa jina la baba na kwa namba yake ya kazi. Baadaye nilisomea uhasibu, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitunza vitabu vya hesabu vya kikundi cha wanawake wanaolima upande wa barabara ya Kasenga. Kutokana na hayo yote nimefikia kuamini kwamba maendeleo yanayodumu, yale yanayozungumzwa katika mikutano mikubwa ya dunia, yanasimama au yanaanguka pale mwanamke anapokuwa na haki, au asipokuwa nayo, ya kuamua juu ya kile ambacho mikono yake imezalisha.

Mwenendo ule wa posho na mshahara ulivunjika nikiwa bado mtoto. Katikati ya miaka ya 1980 nchi yetu ilikuwa ikizalisha karibu tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mwaka 1991 maduka na maghala yaliporwa, na mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000, hata mfanyakazi aliyebahatika kulipwa akakuta mshahara wake hautoshi kununua unga wa juma moja. Mgodi alikofanya kazi baba uliendelea kumwita kazini, lakini malipo yalikuja kwa kuchelewa, kisha kwa vipande, kisha hayakuja kabisa. Serikali nayo iliacha kuwalipa walimu ipasavyo, na wazazi wakaanza kuwalipa wenyewe kutoka mifukoni mwao, desturi iliyodumu mpaka elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Kwa maneno mengine, katika miaka ile chakula, dawa na shule za mji mzima viliangukia juu ya wamama ambao walikuwa wamefundishwa kushona vitambaa vya meza.

Mama yangu alianza kwa kuuza unga kwa meka, kile kipimo cha sokoni, mbele ya nyumba. Baadaye akawa anakwenda Kasenga kuchukua samaki wakavu wa mto Luapula, akirudi juu ya mizigo ya lori, na akipata faida kidogo ananunua mahindi wakati wa mavuno, bei inapokuwa chini, ili ayauze Januari nyumba nyingi zinapokuwa zimeishiwa. Hakuna shule iliyomfundisha hesabu hiyo. Alikuwa na daftari moja ambamo aliandika nani anadaiwa nini, na ukurasa wa mwisho aliuweka kwa ajili ya karo zetu, wavulana na wasichana, bila kutofautisha. Baba, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye aibu ya hali yake, alianza kumwomba ushauri kabla ya kuamua jambo lolote la fedha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika mengi juu ya kipindi hicho, namna mamlaka ya nyumbani yalivyohama polepole kutoka kwa aliyekuwa akipokea mshahara kwenda kwa aliyekuwa akileta chakula. Mimi niliyaona hayo yakitokea mezani petu, na ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kumwezesha mwanamke ni kumpa kazi. Kazi mama alikuwa nayo kuanzia alfajiri mpaka usiku.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kingine. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo lolote la kisheria linalomfunga yeye binafsi. Mwanamke aliyekuwa akilisha nyumba ya watu wanane hakuweza kuweka saini ya mkopo, wala kukodisha duka, wala mara nyingi kufungua akaunti, bila karatasi ya mwanamume ambaye yeye ndiye aliyekuwa akimlisha. Mama alipopata fedha za kununua kiwanja, hati iliandikwa kwa jina la baba, na hakuna mtu aliyeliona hilo kuwa jambo la kujadiliwa. Hilo la kiwanja halikutuletea madhara kwa kuwa baba aliishi muda mrefu na alikuwa mwaminifu. La shamba ndilo lililotufundisha.

Shamba lile lilikuwa nje ya mji, katika ardhi ya Balamba, na chifu alilitoa kwa familia yetu kupitia mjomba. Watu wengi hudhani kwamba mahali ambapo ukoo huhesabiwa kwa upande wa mama, kama ilivyo kwa Balamba na majirani zao Babemba, mwanamke ndiye mwenye ardhi. Sivyo. Ukoo hupita kwake, lakini neno la mwisho juu ya ardhi mara nyingi husemwa na kaka yake. Mama alilima hapo misimu mingi, akachanganya mahindi na karanga na maharagwe ili udongo usichoke, akaacha miti ya miombo isimame pembeni kwa sababu chini yake uyoga ulimea mvua zilipoanza. Kisha wakaja watu wa mjini wenye fedha kutafuta mashamba makubwa, kama walivyokuja kila upande wa Lubumbashi, na mjomba, aliyekuwa na mgonjwa hospitalini na deni asilojua atalilipa vipi, akauza. Simlaumu, na mama naye hakumlaumu kwa sauti. Lakini alipata habari wakati alipokwenda na mbegu zake, na aliyenunua alikuwa ameshakata miti yote ili aiuze kama makala, yaani makaa ya kupikia, kabla ya kupanda chochote.

Nimelifikiria jambo hilo kila mara ninaposikia hotuba juu ya mazingira. Karibu kila nyumba ya Lubumbashi hupika bukari, yaani ugali, juu ya mbabula, jiko la makaa, na makala hayo hutoka katika msitu wa miombo unaouzunguka mji, msitu ambao mwaka hadi mwaka unasogea mbali zaidi, hata wachomaji sasa huyasafirisha kwa baiskeli kutoka mbali mno. Wanawake ndio wanaonunua makala, wanaopika na kuvuta moshi wake. Wanawake pia ndio wanaookota uyoga na viwavi katika msitu huohuo na kuviuza sokoni, kwa hiyo wao wana sababu ya wazi, ya kila siku, ya kutaka mti ubaki umesimama. Hata hivyo mti huchukua miaka, na anayelima ardhi inayoweza kuuzwa bila yeye kuulizwa hatapanda kitu cha miaka kumi. Katika vijiji vingi kuna kizuizi kingine ambacho wataalamu wa miradi hawakioni haraka: kupanda mti ni kama kutangaza kwamba ardhi ni yako, na mwanamke akifanya hivyo kwenye shamba la mume au la mjomba anaweza kuonekana ana nia ya kuligeuza kuwa lake. Wangari Maathai, aliyeanzisha harakati ya kupanda miti na wanawake wa vijijini nchini Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliliona jambo hili kwa ukamilifu, ndiyo maana kazi yake ya miche ilimfikisha kwenye mapambano ya ardhi na ya utawala. Mwaka 2005 alichaguliwa pia kuwa balozi wa misitu ya Bonde la Kongo, na sisi huku tuna sababu ya kumkumbuka kama mtu wa kwetu.

Nilipoanza kutunza hesabu za kikundi, wanachama walikuwa na likelemba ya kawaida, ambapo kila mmoja hutoa kiasi kilekile na mmoja huchukua chote kwa zamu. Likelemba husaidia kununua sufuria au kulipa deni, lakini haiwezi kumsaidia mtu aliyepata msiba kabla ya zamu yake. Polepole tukahamia kwenye sanduku la akiba lenye kufuli tatu, funguo zikikaa kwa wanawake watatu tofauti, na mfuko mdogo wa dharura ukitengwa pembeni kwa ajili ya ugonjwa na uzazi. Matokeo niliyaona kwanza katika bei ya mahindi. Huku kwetu mvua huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili, mavuno hufuata, na mkulima asiye na fedha taslimu hulazimika kuuza papo hapo, wakati kila mtu anauza, ili alipe karo na madeni. Kisha Januari ananunua unga kwa bei ya juu kutoka kwa mfanyabiashara aliyemnunulia yeye. Mwanamke aliyeweza kukopa kidogo kutoka kwenye sanduku mwezi wa Mei hakuuza magunia yake yote. Alibakiza ya kula, akabakiza mbegu, akauza yaliyosalia bei ilipopanda. Hakuna mashine mpya iliyoingia hapo wala hakuna mfadhili. Mavuno yalikuwa yaleyale, ila sasa aliyeyavuna ndiye aliyechagua siku ya kuyauza.

Sheria nayo ilibadilika. Tarehe 15 Julai 2016 ilitiwa saini Sheria Na. 16/008 iliyorekebisha Sheria ya Familia, ikaondoa ruhusa ya mume na kuweka mahali pake makubaliano ya wanandoa wawili, kila mmoja akimhitaji mwenzake sawasawa. Tulikwenda kufungua akaunti ya kikundi katika benki moja ya mjini, na karani akatuambia kwa upole kabisa, "Wamama, kila anayeweka saini alete barua ya bwana yake." Mweka hazina wetu akamweleza kwamba yeye ni mjane. Karani akafikiri, kisha akasema, "Basi, mama, lete ya shemeji yako." Sheria ilikuwa imeshapita wakati huo, na nilikuwa na nakala ya Gazeti la Serikali ndani ya mkoba, tukaiweka mezani, mkubwa wake akaitwa, akasoma kifungu cha 448 kipya mara mbili, na akaunti ikafunguliwa. Nimeshawaambia wanachama wengi tangu hapo kwamba karatasi ya sheria iliyoko Kinshasa haimfikii mtu mpaka mtu mwenyewe aibebe mpaka kwenye dirisha la ofisi. Niseme pia kwamba marekebisho hayo hayakumaliza yote, kwa kuwa kifungu cha 444 bado kinamtaja mume kuwa mkuu wa nyumba.

Mtu anaweza kuuliza akaunti ya wamama wachache wa barabara ya Kasenga inaihusu vipi dunia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kwamba kama wanawake wakulima wangepata ardhi, mbegu, mikopo na ushauri sawa na wanaume, mazao ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 hadi 30, na watu wenye njaa duniani wangepungua kwa milioni 100 hadi 150. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilikadiria kwamba kuziba pengo la tija na la mishahara kati ya wanawake na wanaume katika kilimo na mifumo ya chakula kungeongeza pato la dunia kwa karibu asilimia moja. Nilipozisoma takwimu hizo sikushangaa, kwa sababu Lubumbashi inalishwa kwa kiasi kikubwa na mahindi ya Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoikumba Zambia hata serikali yake ikatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, meka ya unga katika masoko yetu ilipanda mno, na nyumba nyingi zikapunguza milo. Mji wenye mamilioni ya watu, uliozungukwa na ardhi yenye mvua ya miezi mitano, ulikuwa ukingoja malori ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ardhi ipo, wakulima wapo, na wengi wa wakulima hao ni wanawake wasioweza kuitumia ardhi hiyo kama dhamana ya mkopo wa mbolea. Umoja wa Mataifa ulipopitisha malengo yake 17 ya maendeleo yanayodumu mnamo Septemba 2015, usawa wa wanawake uliwekwa kuwa lengo la tano. Kwa ninavyoona mimi, lengo la pili, la kumaliza njaa, halitafikiwa huku kwetu bila hilo la tano kutangulia.

Juu ya elimu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wanalijua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 2009 karibu nusu ya upungufu wa vifo vya watoto wadogo duniani ulitokana na mama zao kusoma zaidi. Katika kikundi chetu naliona hilo kwenye mfuko wa dharura: waliosoma hata miaka michache huomba fedha za hospitali siku ya kwanza ya homa.

Mgodi ni habari nyingine, na hapo ndipo moyo wangu huuma zaidi. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, na karibu yote huchimbwa katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga. Nchi nyingine huiita madini ya nishati safi kwa sababu huwekwa katika betri za magari ya umeme. Mama yangu mdogo aliosha mawe hayo upande wa Likasi, amesimama ndani ya maji mpaka magotini, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Shimoni hakuruhusiwa kuingia, kwa kuwa wachimbaji wengi huamini kwamba mwanamke akikanyaga humo madini hukimbia. Kwa hiyo wanawake hubaki kuokota, kuosha na kubeba, kazi zinazolipwa kidogo kuliko zote, na mnunuzi wa depo, nyumba ya kununulia madini, hupanga bei bila wao kuwepo. Mwaka 2020 watafiti wa Lubumbashi na wenzao wa Leuven nchini Ubelgiji walichapisha utafiti uliohusisha kazi ya baba mgodini na watoto kuzaliwa na kasoro za mwili katika mji wetu. Dunia inayotaka hewa safi kwa njia hii inawapa wanawake wa Katanga, eneo letu hili, sehemu ya gharama, na wao hawakuulizwa.

Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 imefungua mlango, ingawa ni mwembamba. Inazitaka kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na kuandika pamoja na jamii hizo orodha ya mahitaji. Nilihudhuria kikao kimoja cha namna hiyo kama mwandishi wa kumbukumbu. Orodha ya kwanza ilikuwa na ofisi ya kata, uwanja wa mpira na gari la chifu. Wanawake walikuwa wameketi nyuma, wengi wamekuja kwa sababu waliitwa kupika. Mmoja wao, mama mtu mzima, aliomba neno na kuuliza kisima kiko mstari wa ngapi. Kulikuwa na ukimya, kisha mabishano marefu, na mwishowe visima viliwekwa mwanzoni, na chumba cha kujifungulia kikafuata. Uwanja wa mpira haukufutwa, nami nilifurahi kwa hilo, maana vijana nao wana haki ya kucheza. Kama angekuwa na kiti cha mbele tangu asubuhi, mjadala ule ungechukua nusu saa.

Kuna somo moja ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Mwanamke akiongezewa biashara, mafunzo na vikao bila kupunguziwa maji, kuni na watoto, mzigo hauondoki. Humshukia binti wa kwanza. Niliuona mzigo huo nyumbani kwetu, ambako dada yangu mkubwa aliacha shule ili mama aweze kwenda Kasenga, na sisi wadogo tukasoma kwa jasho lake. Kwa hiyo katika kikundi tulikubaliana kwamba siku za kazi ya pamoja wanawake wawili hulipwa kutoka kwenye mfuko ili wawatunze watoto kando ya shamba, na binti mwenye umri wa shule akionekana shambani asubuhi ya masomo, mama yake huitwa na mwenyekiti. Waume nao tuliwaita, wengine wakaja, na sasa wapo wanaochota maji kwa baiskeli. Hilo limepunguza saa za kazi za wanawake kuliko semina yoyote niliyowahi kuiandikia hesabu.

Sasa tunashughulikia ardhi. Chifu amekubali kutupa shamba kwa jina la kikundi, na kwa kuwa sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema kwamba udongo wote ni wa Dola, yaani wa Serikali, karatasi ya chifu pekee haitoshi. Tumeanza safari ya kumtafuta mpimaji na kuomba mkataba katika ofisi ya ardhi, safari yenye ada nyingi na mihuri mingi. Pembeni tumepanda akasia za kukatwa kwa zamu kwa ajili ya makala yetu, na miti ya mulombwa iliyobaki tumeizuia isiguswe. Mjadala mgumu kuliko yote ulikuwa juu ya kifo: mwanachama akifariki, sehemu yake iende kwa nani? Wengine walitaka irudi kwa mume, wengine kwa kaka kama mila isemavyo, na wengine wakanikumbusha kwamba Sheria ya Familia huwaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wote, wa kiume na wa kike bila tofauti. Tulikaa vikao kadhaa. Iliyopitishwa, na ambayo sasa imeandikwa katika kanuni zetu na kutiwa saini na wanachama wote pamoja na chifu, ni kwamba sehemu huenda kwa mtoto atakayekuwa tayari kuilima, msichana au mvulana, na haiwezi kuuzwa bila kikao cha kikundi kizima.